Nani kapewa wimbo? Jinsi ya kupima uwakilishi katika komedi ya mapenzi ya Kihindi

Mdogo wangu ndiye aliyenianzishia haya yote. Tulikuwa tunatazama filamu ya mapenzi ya Kihindi, zile za familia mbili zenye pesa, ubishi wa wazazi na harusi isiyoisha, akanigeukia akaniuliza, "Dada, huyu dada wa kazi anaitwa nani?" Nikashika rimoti, nikarudisha nyuma. Hatukusikia jina. Tukarudisha mpaka mwanzo kabisa. Mama wa watu alileta chai mara sita, akafungua mlango mara mbili, akalia kuliko wote siku bibi harusi alipoagwa, na hakuna hata mmoja aliyemwita kwa jina.

Kilichoniuma ni kwamba manukuu ya Kiswahili ya filamu ile, yale maandishi ya chini ya kioo, niliyaandika mimi. Ndiyo kazi yangu. Kila neno la yule mama lilikuwa limepita mikononi mwangu, nimelipima lisizidi mistari miwili, na bado sikuwa nimemwona.

Tangu siku ile natazama kwa utaratibu, na huo utaratibu ndio ninaotaka kukupa. Nimeutengeneza kwa ajili ya komedi ya mapenzi tu. Filamu ya ngumi au ya vita ina mambo yake. Komedi ya mapenzi ina vitu viwili vya kugawa kwa watu wake: mapenzi na kicheko. Kuhesabu sura zilizopita kwenye kioo hakukufikishi mbali, maana mtu anaweza kuonekana nusu ya filamu nzima na akaambulia kuchekwa tu. Fuatilia nani anaruhusiwa kupenda na kupendwa, kisha fuatilia nani kawekwa pale ili achekwe.

Mara ya kwanza, cheka

Usishike kalamu. Komedi ikitazamwa kwa kununa haitoi siri zake. Cheka ukichekeshwa, lia ukilizwa, imba ukiweza. Nakuomba jambo moja tu: kila ukicheka kwa sauti, tazama saa ya filamu uandike namba yake mahali, mathalani 0:47. Usiandike kwa nini. Utazirudia baadaye.

Mara ya pili ndipo daftari linapofunguliwa. Mimi napiga safu sita: jina na jina la ukoo, kazi na makazi, anavyosema na anavyosemeshwa, anampenda nani, anachekwa kwa lipi, na anaishia wapi. Kila mwenye kutamka sentensi zaidi ya moja anapata mstari wake, hata dereva, hata mlinzi wa geti. Mhusika asiye na jina mwachie nafasi yake wazi. Usimwandikie "mtumishi" ili ukurasa upendeze. Nafasi zile zilizobaki wazi ndizo zitakazokufundisha.

Jina la ukoo

Hapa tukae kidogo, kwa sababu mtazamaji asiye wa kule ndipo anapopitwa zaidi. Sisi tukisikia Malhotra au Mishra tunasikia "jina la Kihindi" basi. Mtazamaji wa Lucknow au Delhi anasikia jati, yaani tabaka ambalo mtu amezaliwa nalo. Malhotra, Kapoor na Khanna ni majina ya Khatri wa Punjab. Tiwari, Shukla, Mishra na Trivedi ni ya Brahmin, tabaka la makuhani, wa kaskazini. Thakur ni jina la watu wanaojihesabu wenye ardhi na upanga. Mhusika hajafungua mdomo, na jina limeshamtambulisha.

Sasa pitisha kidole kwenye safu yako ya kwanza. Stelingi wa "Dum Laga Ke Haisha" ya mwaka 2015 ni Prem Prakash Tiwari. Wa "Bala" ya 2019 ni Balmukund Shukla. Wa "2 States" ya 2014 ni Krish Malhotra. Filamu zenyewe hazifanani, waongozaji ni tofauti, miji tofauti, lakini majina yanatoka kwenye rafu ileile ya juu. Sensa ya India ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba jamii za chini kabisa kwenye ngazi ya jati, zilizoorodheshwa kisheria kama Scheduled Castes, ambazo wengi wao hujiita Dalit, ni asilimia 16.6 ya watu wote, na makabila ya asili, Scheduled Tribes, ni asilimia 8.6. Ukijumlisha, ni mtu mmoja katika kila wanne. Nimejaza daftari tatu mpaka sasa, na majina ya Dalit kama Jatav, Paswan, Valmiki au Kamble sijayaandika hata mara moja kwenye mstari wa stelingi wa komedi ya mapenzi. Yakitokea, hutokea kwenye filamu za huzuni, ambako mapenzi yao huishia kwenye damu. Hilo nalo ni jambo la kuandika: kwamba kuna watu ambao filamu za Kihindi zinakubali wafe kwa ajili ya mapenzi kabla hazijakubali wachekeshwe nayo na kuoana salama.

Kuwa mwangalifu na majina matupu. Wapo wengi India wanaoacha jina la ukoo makusudi, au wanaochukua jina lisilotangaza lolote kama Kumar, kwa sababu wamechoka kupimwa kabla hawajakaribishwa kiti. Kwa hiyo Kumar peke yake si ushahidi. Tafuta ishara nyingine: picha zilizotundikwa ukutani, nani anakula na nani, gilasi ya wenye nyumba ni ipi na ya pembeni ni ya nani. Nikiona picha ya Ambedkar, kiongozi aliyepigania haki za Dalit, ukutani nasimamisha filamu, maana mpambaji wa seti hakuitundika kwa bahati.

"2 States" inafaa sana kujifunzia. Krish ni Mpunjabi, Ananya Swaminathan ni Mtamil, wamekutana chuo cha biashara Ahmedabad, na filamu nzima ni vita ya familia mbili kukubaliana. Ukiitazama mara ya kwanza unasema, hii ndiyo filamu ya tofauti. Kaskazini na kusini, kelele na ukimya, vyakula viwili, lugha mbili. Ukifungua daftari unakuta nyumba zote mbili zina elimu, zina pesa ya kutosha, na zote ziko juu kwenye ngazi ya jati. Kina Swaminathan ni Brahmin. Umbali kati yao unaonekana mkubwa kwa sababu kamera imesogezwa karibu sana. Sisemi ugomvi ule ni wa uongo, familia za namna hiyo zipo na machozi yao ni ya kweli. Nasema andika upana wa tofauti kwa kipimo chake, usiandike "filamu hii inaonyesha India yote" kwa kuwa ina miji miwili.

Sikiliza wanavyoitana

Kihindi kina "wewe" tatu. Aap ni ya heshima, tum ni ya mazoea, tu ni ya ndani kabisa: ya Mungu, ya mama, ya mpenzi, na pia ya mtu unayemdharau. Kiswahili kina "wewe" moja, na kwa miaka mingi mimi niliziweka zote tatu ndani ya hiyo moja, nikaendelea na mstari uliofuata. Ndivyo nilivyompoteza yule mama wa chai. Mabwana zake walimwita tum, mtoto mdogo wa nyumba ile akimwita tum, naye akamjibu mtoto kwa aap. Katika manukuu yangu ilikuwa "wewe" kwa "wewe", kana kwamba wako sawa.

Huhitaji kujua Kihindi kulisikia hili. Tenga nusu saa, chagua mazungumzo mafupi, na tega sikio kwa maneno hayo matatu tu. Utashangaa yanavyojitokeza. Kwenye safu ya tatu ya daftari chora mshale: nani anampa nani aap, na anarudishiwa nini. Wapenzi utawaona wanahama. Wanaanza na aap, halafu siku moja, mara nyingi kwenye mvua au kwenye ngazi, mmoja anateleza anasema tum, na mwingine anaisikia. Kuteleza huko ni tamko la mapenzi kabla ya tamko lenyewe. Mishale ya dereva na mpishi haihami mwanzo hadi mwisho.

Baada ya hapo sikiliza lafudhi. Katika sensa ileile ya 2011, waliotaja Kihindi kuwa lugha yao ya kwanza walikuwa asilimia 43.6, na ndani ya namba hiyo wamehesabiwa hata wasemaji wa Bhojpuri na lugha nyingine kadhaa za kaskazini. Maana yake, Wahindi zaidi ya nusu wanakisikia Kihindi cha sinema kama lugha ya jirani. Lakini katika komedi, asiyekisema kwa lafudhi ya mjini anakuwa kichekesho. Mtu wa kusini ndiye aliyebebeshwa mzigo huu muda mrefu kuliko wote. Mwaka 1968 "Padosan" ilimpa Mehmood nafasi ya mwalimu wa muziki kutoka kusini, mwenye kishungi cha nywele na Kihindi cha kupinda, na watu wakacheka mpaka leo. Miaka 45 baadaye, mwaka 2013, "Chennai Express" bado ilikuwa inategemea Kihindi cha Meenamma kilichovutwa na kukunjwa, akikiigiza Deepika Padukone. Majimbo matano, lugha nne kubwa zenye fasihi ya karne nyingi, na neno moja la mtaani, "Madrasi", kuwafunika wote.

Nina kipimo changu hapa, na kimetokana na kazi yangu. Zima sauti. Soma manukuu peke yake. Kama utani bado unachekesha, basi mhusika kasema jambo la kuchekesha, mpe haki yake. Kama utani umetoweka na mbele yako imebaki sentensi ya kawaida ya mtu anayeuliza njia, ujue kilichokuwa kinachekwa ni mdomo wake. Nimetumia kipimo hiki mara nyingi kiasi kwamba siku hizi nikikwama kutafsiri utani fulani, jambo la kwanza ninalojiuliza ni kama kweli palikuwa na utani.

Rudi kwenye zile namba

Sasa toa zile namba za siku ya kwanza. Nenda 0:47, tazama dakika moja kabla na moja baada, uandike ulichekea nini hasa. Mwili wa mtu? Umaskini wake? Mwanamume aliyetembea kwa madaha? Mwanamke mnene aliyekaa kwenye kiti kidogo? Usijitetee, andika tu.

Halafu uliza kama filamu inajua ilichokifanya. Hapa ndipo ninaporudi kwenye "Dum Laga Ke Haisha". Ni Haridwar, miaka ya tisini, Prem anaendesha duka la kaseti, kashindwa shule, na kaozwa Sandhya ambaye ana shahada ya ualimu na mwili mkubwa. Bhumi Pednekar aliongeza uzito kwa ajili ya nafasi ile, na ilikuwa filamu yake ya kwanza. Mwanzoni mtazamaji anasukumwa acheke pamoja na Prem: aibu yake kutembea naye barabarani, macho yake kukwepa kitanda. Nami namba zangu tatu za kwanza zilikuwa hapo. Kisha inakuja sherehe ya rafiki yake. Prem amelewa, anamtukana mkewe mbele ya wenzake kwa maneno ya chumbani, na Sandhya yupo palepale, amevaa vizuri, anasikia kila neno. Anamzaba kibao mbele ya watu wote. Itazame sehemu hiyo ukiwa umezitandaza namba zako kwenye goti, uone kama kile kibao hakijakugusa na wewe shavuni.

Baadaye Sandhya anarudi kwao, mahakama inawapa miezi sita waishi pamoja kwanza, na mwishoni Prem anambeba mgongoni kwenye mashindano. Wapo wanaolalamika kwamba mwili wa mwanamke umegeuzwa mzigo wa kumthibitisha mwanamume, na hoja yao ina uzito. Mimi hukumu yangu inaegemea kwingine: Sandhya alishapata kazi ya ualimu mji mwingine kabla ya mashindano yale. Alikuwa na pa kwenda. Mapenzi aliyapokea akiwa na uhuru wa kuyakataa, na katika daftari langu hilo lina thamani kuliko busu lolote.

Nani kapewa wimbo

Katika filamu za Kihindi, mapenzi yasiyo na wimbo ni kama ndoa isiyo na mashahidi. Watu watasema wameambiwa, lakini hakuna aliyeona. Kwa hiyo kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni hiki: orodhesha nyimbo za mapenzi, ukiandika kwa kila wimbo ni nyuso za nani zinazoonyeshwa kwa karibu. Rafiki mnene wa stelingi yumo? Shangazi mjane yumo? Mwislamu wa filamu anaimbiwa au anapiga ngoma kwenye harusi ya wenzake?

Nikupe mfano unaonipa furaha. "Badhaai Do" ya mwaka 2022, iliyoongozwa na Harshavardhan Kulkarni, inawahusu Shardul Thakur, polisi wa Dehradun, na Sumi Singh, mwalimu wa michezo. Shardul anapenda wanaume, Sumi anapenda wanawake, na wanaoana ili ndugu zao waache kuwasumbua. Kisa kama hicho kingeweza kwenda kombo kwa urahisi sana. Miaka ya nyuma, wanaume wawili wakishikana mikono kwenye komedi ya Kihindi ilikuwa ni utani wenyewe, hakuna kingine. Hapa Sumi anampenda Rimjhim, msichana wa maabara, na wimbo wa mapenzi wa filamu, "Atak Gaya", unawachukua wao kwa utulivu uleule ambao stelingi na mpenzi wake wangepewa. Wanaangaliana. Wanakaa chumba kimoja. Kamera haiwaoni kama kioja.

Rimjhim anaigizwa na Chum Darang, ambaye anatoka Arunachal Pradesh. Ukitaka kuelewa uzito wa hilo, jua kwamba watu wa majimbo manane ya kaskazini mashariki ya India mara kwa mara huulizwa Delhi wanatoka nchi gani, na wenye nyumba huwakatalia vyumba. Kwenye sinema walizoea kuwa wahudumu wa hoteli na saluni. Hata bondia Mary Kom, wa Manipur, filamu ya maisha yake ya mwaka 2014 ilipotengenezwa, aliigizwa na Priyanka Chopra. Halafu anakuja Rimjhim, na filamu haisimami kumweleza. Hakuna utani wa macho yake, hakuna hotuba ya kumtetea. Anapenda, anaudhika, anaondoka, anarudi. Niliposimamisha filamu kuandika mstari wake, safu ya tano, anachekwa kwa lipi, ilibaki tupu, na hiyo ndiyo nafasi tupu pekee katika daftari lile iliyonifurahisha.

Linganisha na "Ek Ladki Ko Dekha Toh Aisa Laga" ya Februari 2019, ambayo iliwatangulia wengi kwa ujasiri. Sweety wa mji wa Moga, Punjab, anampenda msichana mwenzake, Kuhu. Chukua saa upime muda wao wawili wakiwa peke yao. Ni mfupi mno. Filamu imeutumia muda wake mwingi kwa baba, Balbir, ambaye mama yake mzazi anamkatalia jikoni kwa kuwa kupika ni kwa wanawake, na kwa Sahil Mirza, mwandishi wa tamthilia anayemfuata Sweety akidhani atapendwa. Naielewa busara ya kumshika mkono mtazamaji mwoga, na hadithi ya baba na sufuria zake imenitoa machozi. Lakini wimbo mkubwa wa mapenzi usipokuwa wa wapenzi wenyewe, andika hivyo. Andika pia kwamba ndugu wa Sweety kwanza wanaingiwa na hofu kuwa kampenda Mwislamu, na kwamba Sahil, Mwislamu huyo, mwisho anabaki msaidizi wa mapenzi ya wengine. Waislamu ni asilimia 14.2 ya watu wa India kwa sensa ya 2011. Utawaona wengi wakisaidia.

Nani kaigiza, nani kaandika

Sehemu hii watu huikimbilia kwanza kwa sababu ni rahisi kutafuta. Mimi naiweka huku nyuma, ila siiruki.

"Bala" inachekesha na ina nia njema. Bala mwenyewe anauza krimu ya kung'arisha ngozi huku nywele zikimtoka, na Latika, wakili mweusi wa Kanpur, anampinga usoni kwa hilo. Latika hata mwisho anamkataa Bala anapomtaka, kwa kuwa ana mchumba wake tayari, nilipiga makofi. Lakini ngozi ya Latika ni vipodozi. Bhumi Pednekar alipakwa rangi afanywe mweusi, katika filamu inayosema weusi si kasoro. Tazama shingo na mikono yake katika mwanga tofauti uone rangi inavyobadilika badilika. Waigizaji wanawake wenye ngozi nyeusi ya kuzaliwa wapo, na filamu ile ingekuwa siku yao.

Vilevile "Chandigarh Kare Aashiqui" ya Desemba 2021 ilimpa mwanamke aliyebadili jinsia nafasi ya mpenzi wa stelingi, jambo kubwa, kisha ikampa nafasi hiyo Vaani Kapoor, ambaye si mmoja wao. Mahakama ya Juu ya India ilishatambua haki ya watu hao kujitaja jinsia yao tangu 2014. Sinema ilikuwa na miaka saba ya kutafuta mwigizaji.

Usiishie kwa waigizaji. "Ek Ladki" iliandikwa na Gazal Dhaliwal pamoja na mwongozaji Shelly Chopra Dhar, na Dhaliwal ni mwanamke aliyebadili jinsia mwenyewe. Ukijua hilo, matukio ya Sweety akiwa mtoto shuleni, peke yake na daftari lake la siri, yanasomeka vingine.

Mwisho wao

Komedi ya mapenzi huishia kwa harusi, na harusi ni jambo la sheria. Kwa hiyo safu ya sita huwezi kuijaza bila kujua kidogo sheria ya India. Mapenzi ya jinsia moja yalikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 377 mpaka tarehe 6 Septemba 2018, Mahakama ya Juu ilipokiondoa kwa watu wazima walioridhiana. Tarehe 17 Oktoba 2023 mahakama hiyohiyo ilikataa kuitambua ndoa yao. Ina maana wapenzi kama Sumi na Rimjhim hawana harusi ya kufungia filamu, na mwandishi analazimika kubuni kitu kingine. "Badhaai Do" inafunga kwa ibada ya kumkaribisha mtoto aliyeasiliwa. Kisheria mtoto ni wa Sumi na Shardul, wenye cheti cha ndoa. Kwenye ile ibada wapenzi wao wanakaa nao, mbele ya ndugu wote. Mimi sijaona mwisho uliobanwa na sheria ukatumia ubano ule vizuri kiasi kile.

Kwa wapenzi wa dini mbili kuna Sheria ya Ndoa Maalumu ya mwaka 1954. Wanatoa taarifa kwa msajili, taarifa inabandikwa hadharani, na zinapita siku 30 ambazo yeyote anaweza kuleta pingamizi. Fikiria komedi iliyo ndani ya siku hizo 30: karatasi ukutani, mjomba anayepita ofisini kwa shughuli zake, wapenzi wanaojaribu kuifunika karatasi kwa bango jingine. Waandishi wa filamu wanairuka. Stelingi wa dini tofauti ama wanatoroka, ama baba analainika dakika kumi za mwisho. Ukikutana na filamu inayowaacha wapenzi wapange foleni kwa msajili, niandikie, naitafuta.

Kuandika

Ukishafika hapa, kuandika ni kazi ndogo. Andika filamu moja kwa mara moja. Taja dakika, ili mwenye kubisha akaangalie. Jambo zuri lieleze kwa usahihi uleule unaoutumia kwa baya. Kusema "imewapa wimbo, dakika nne, nyuso zao tu" kunamsaidia msomaji kuliko kuisifu kuwa ya kihistoria. Usimtukane aliyeipenda, kwa kuwa na wewe ulicheka 0:47.

Na filamu ikiisha usizime. Subiri majina. Huko chini kabisa, yanakopita mbio, ndiko wanakoandikwa wale waliobakiwa na nafasi wazi daftarini mwako, mwigizaji upande mmoja na mhusika upande wa pili. Mdogo wangu na mimi tulisubiri siku ile, tukisimamisha kila baada ya sekunde, mpaka tukamkuta. Jina la mwigizaji lilikuwapo, majina mawili kamili. Mkabala nalo pameandikwa "Bai", neno ambalo Mumbai humwita nalo dada wa kazi yeyote. Mdogo wangu akachukua kalamu, akaliandika jina la yule mama kwenye safu ya kwanza, polepole, asikosee herufi.